Shemasi Jacques Mezani kwa Mjapani

Shemeji yangu Jacques ni mlinzi, na kazi imemwingia mwilini. Ukimkaribisha mahali, anakagua milango kwanza, kisha mikono ya watu, ndipo anakaa. Jumapili ile baada ya ibada, tulipoingia katika mgahawa wa Kijapani kule Kensington, hapa Johannesburg, jicho lake halikutafuta milango. Lilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma ya kaunta, palipopangwa chupa za sake, pombe yao ya mchele. Nilimshika mkono wa koti kabla hajageuka.

“Murielle,” akasema kwa sauti ya chini, “umenileta ku bar.”

“Nimekuleta kwa mtoto wako. Ikaa.”

Akakaa, lakini pembeni ya kiti, kama mtu anayengoja kuitwa polisi.

Mtoto mwenyewe ni Carmel, binti wa marehemu dada yangu, na wakati huo alikuwa jikoni, nyuma ya pazia la bluu. Jacques alitoka Uvira akiwa kijana, akalinda maduka ya watu wa Johannesburg mpaka mvi zikamtoka, na ni shemasi katika kanisa letu, lile la ghorofani katika jengo kuukuu la mjini. Muumini mmoja alipomnong'oneza kwamba binti wa shemasi anauza pombe kwa Mjapani, hakuuliza mara mbili. Alimwambia Carmel achague, kazi au nyumba. Carmel naye amerithi kichwa kigumu cha baba yake. Alifunga begi, akaja kwangu mtaa wa La Rochelle, akawa analala chumba cha nyuma ya saluni yangu. Tangu hapo hawajasemezana, na mimi nimechoka kubeba salamu ambazo hakuna anayezituma.

Sasa mwenye mgahawa, mzee Noda, alikuwa anafungua mwingine Cape Town, na alitaka Carmel akapike huko. Carmel alikwisha kukata tiketi ya basi. Siku chache kabla ya safari alinishika mkono nikiwa na kichwa cha mteja mapajani.

“Tantine, mwambie Papa akuje akule chakula yangu. Once tu. Akikula, nitajua niko na kwetu. Akikataa, mi naenda, na asinitafute tena.”

Hakuwa anatania. Nilimfikishia Jacques maneno hayo bila kupunguza hata moja. Alinisikiliza, akavaa suti yake ya ibada, akaja. Kama atakula au hatakula, hakusema, na mtu huyo ukimuuliza mara ya pili unamharibu.

Kwanza ilikuja chai, ya kijani na isiyo na sukari. Jacques alizungusha macho mezani akitafuta bakuli la sukari, akakosa. “Iyi ni dawa,” akasema. Akaionja. Baada ya kitambo akaionja tena, na kikombe kikaisha bila yeye kukubali kwamba alikuwa anakunywa.

Mara mzee Noda akaja mwenyewe na kichupa cha udongo na vikombe vidogo. Kwao mgeni wa heshima hajimiminii, anamiminiwa. Nilitamani ardhi inimeze. Pazia lilisogea kidogo, nikajua Carmel anachungulia. Jacques alifunika kikombe kwa kiganja chake kipana, akamtazama mzee usoni bila kupepesa. Mzee Noda akamtazama vilevile. Kisha akainama, akaondoa kichupa, akachukua birika la chai akamjazia mwenyewe, kwa mikono miwili. Jacques akaitikia kwa kichwa. Nikapumua.

Supu ililetwa ndani ya bakuli la mbao lenye kifuniko. Alipofunua, mvuke ulimpiga usoni, naye akabaki na kifuniko mkononi.

“Iyi ni ndagala,” akasema.

Ni kweli. Carmel alikwisha kunieleza kwamba wanachemsha visamaki vikavu, kisha wanakoroga ndani yake miso, uji mzito wa soya uliochachuliwa kwa chumvi. Mtu aliyekulia ukingoni mwa ziwa Tanganyika, ambako ndagala, dagaa wetu, wanaanikwa mchangani mpaka nguo zinanuka, huwezi kumdanganya kwa harufu hiyo. Akafumba macho akaomba, na akaomba kwa urefu wake wote wa shemasi huku supu inapoa na mimi nikichemka. Akamaliza, akainua bakuli, akanywa. Alikunywa mpaka chini.

Kisha wali, figili ya kuchachua, na samaki wa kuchoma kwa chumvi, ngozi imetoka malengelenge. Vijiti alivigusa akaviweka kando. Akafuta vidole kwa kitambaa cha moto walichotuletea, akala kwa mkono, taratibu, upande wa mkia.

“Chumvi iko sawa,” akasema.

Kwa Jacques hiyo ni sifa kubwa, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Furaha haikudumu. Katikati ya chakula aliacha. Wali ulikuwa nusu, na samaki hakuguswa sehemu ya tumbo, ile nene yenye mafuta. Akaisukuma sahani. “Nimeshiba.”

Mzee Noda aliona kutoka kaunta. Kwao mgeni humaliza mpaka punje ya mwisho, na anayebakisha anamwambia mpishi kwamba ameshindwa. Akaingia nyuma ya pazia. Carmel akatoka na aproni yake, akaitazama sahani, na uso wake ukafunga.

“Sawa, Papa,” akasema. “Nimeona.”

Akanyoosha mkono aitoe. Jacques akaishika sahani ukingoni.

“Wacha.”

“Hukuipenda. Sema tu, mi naenda.”

“Nani amekuambia sikuipenda? Iyo ya tumbo ni yako.”

Carmel hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa, na nilijiona mjinga, kwa maana nakula chipsi nimesimama saluni mpaka nimesahau ya kwetu. Kwetu baba hamalizi sahani. Anabakisha kipande kizuri kwa kitinda mimba, na Carmel alikua akila mabaki hayo kila jioni bila kujiuliza yanatoka wapi.

“Kila siku nakubakishiaka,” Jacques akasema, akiitazama meza. “Hata sasa, penye hauko. Asubuhi naitupa.”

Carmel akavuta kiti, akakaa na aproni yake, akala samaki kwa mkono huku machozi yanamtoka wazi mbele ya wateja. Jacques akamsogezea wali.

“Basi yako inatoka saa ngapi?” akamuuliza. “Niombe ruhusa ku kazi.”