Kaseti Iliyomwitikia Bibi

Nimeshajicheka mwenyewe, sasa nanyi nichekeni.

Bibi yangu haoni. Kila alasiri husimulia harusi yake, neno kwa neno, nami kazi yangu ni kuketi kando na kuitika. Lakini mimi ni fundi wa redio Makadara, nikajiambia: kuitika tu, hata mashine yaweza! Nikarekodi sauti yangu kwenye kaseti: "Ehe," "Lahaula!", "Pole, Bibi," "Kweli kabisa, Bibi!" Kila jibu nililipangia mahali pake, maana kisa nimekihifadhi chote. Nikaitia kaseti kwenye redio kando yake, nikabonyeza, nikateremka ngazi kwa kunyata, nikaenda zangu barazani kunywa kahawa.

Wiki nzima nilikuwa mfalme. Jioni Bibi huniombea dua: "Siku hizi wanisikiza vyema, mwanangu." Kichwa kikanivimba. Ijumaa nikawachukua wenzangu wote wa barazani, waje waone ufundi wangu kwa macho yao. Tukapanda kimya kimya, tukachungulia penye pazia.

Bibi alikuwa ameipakata redio kama mtoto. Harusi hata hakuitaja.

"Wewe kaseti," alisema, "una huruma kumshinda mwenye sauti. Hupigi miayo, hunikatizi. Yule mjukuu wangu yuwadhani kwa kuwa sina macho, basi na masikio sina. Mpumbavu mkubwa yule!"

Na sauti yangu mwenyewe, mbele ya wenzangu wote, ikaitika: "Kweli kabisa, Bibi!"