Daktari Aliyepitishwa na Mkutano

Kengele ya kijiji chetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mninga, karibu na mlango wa mama. Ilipigwa alfajiri kuwaita watu kwenye shamba la pamoja. Niliporudi nyumbani kwa likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nilikuta imehamishwa. Sasa ilipigwa upande wa pili wa kijiji, kwenye ghala la mbolea, na watu wa upande wetu walilazimika kutega masikio ili wasichelewe. Nilimuuliza mama sababu. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso.

"Wameona itakukatisha usingizi," alisema. "Mtu wa mtihani anatakiwa alale."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa siku moja.

Nilikuwa nimefika jana yake. Kutoka shuleni Tabora nilipanda basi hadi Sikonge, na kutoka Sikonge nikachukuliwa kwa baiskeli na mtoto wa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mama wa Kisukuma. Yeye na watu wake walitoka na ng'ombe wao upande wa Igunga, wakaishi porini karibu nasi kwa muda mrefu, na wakati wa kuhamia vijijini tukapangiwa viwanja vinavyopakana. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa na haki ya kuingia jikoni kwetu na kubeba chungu kikiwa bado motoni, na mimi nilikuwa na haki ya kumwita mwizi wa ng'ombe mbele ya wageni, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Nilimwita Mama Mtani. Mwanawe alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye baiskeli imara kuliko zote kijijini.

Njia tuliyopita ni kipande cha njia ya zamani ya misafara. Babu yangu aliipita na pembe begani, na kijijini kwetu mtu akitaka kujisifu bado alisema yeye ni mjukuu wa mpagazi. Tulipovuka kijito kilichokauka, mwana huyo wa Mama Mtani alishuka akaanza kuikokota baiskeli, mimi nikiwa nimekaa nyuma na sanduku langu. Ardhi pale ilikuwa ngumu na tambarare. Nilidhani nimemlemea, nikamwambia nitashuka.

"Kaa tu," alisema. Mbele kidogo akapanda tena.

Siku chache baadaye uliitishwa mkutano wa kijiji. Ajenda zilikuwa vitalu vya tumbaku, mbolea iliyochelewa, na mimi. Nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji kufika kidato cha nne, na mwenyekiti alilieleza jambo hilo kama anavyoeleza kupatikana kwa kisima. Alisema mwanafunzi ni mali ya wote, kwa hiyo mzigo wake ni wa wote. Akapendekeza nisiende kumwagilia vitalu mpaka nirudi shuleni. Akapendekeza kila nyumba kumi zilete mafuta ya taa kwa zamu. Watu waliinua mikono. Nilikaa upande wa wanawake, nimeinamisha kichwa kama inavyompasa binti anayesifiwa.

Kisha mwenyekiti akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga hoja ambayo haina ubishi, kwamba akishafaulu huyu ataendelea kidato cha tano na cha sita katika masomo ya udaktari, na kijiji kitakuwa na daktari wake. Mikono ikainuliwa tena. Mama Mtani aliinua yote miwili.

Sababu niliijua. Masika yaliyotangulia, mkamwana wa Mama Mtani alishikwa na uchungu ukakaa siku mbili. Mkunga alishindwa. Mumewe, yule yule aliyenileta kwa baiskeli, alimfunga kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akaanza safari ya Sikonge, na hakufika naye akiwa hai. Habari hiyo niliisikia shuleni kwa mdomo wa mtu aliyekuja mjini kuuza asali. Tangu hapo kijiji kilitaka daktari, na mtoto pekee waliyekuwa naye kwenye njia inayoelekea huko ni mimi.

Nami nilikuwa nimekwisha kuchagua. Fomu za kidato cha tano tulizijaza kabla ya kufunga shule, na mimi nilijaza historia, jiografia na fasihi. Sikuandika hivyo kwa ukaidi. Kemia ilikuwa imenishinda kabisa. Mwalimu wake, kijana mpole, aliniita akaniambia kwamba nikienda sayansi nitarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Lakini nikisema ilikuwa kemia tu, nitakuwa sijasema yote. Historia niliipenda. Niliposoma habari za misafara niliona miguu ya babu yangu katika kurasa, na niliposoma kemia sikuona mtu yeyote.

Kwa hiyo sikuwa na kosa. Mara nyingi nimejaribu kulitafuta, maana aibu yenye kosa mtu huweza kuiungama akapumzika. Yangu ilikuwa aibu ya mtu anayebebwa na watu waliochoka, kwenda mahali ambako haendi.

Maana walinibeba kweli. Asubuhi wanawake walipita na madebe kichwani kwenda kuteka maji ya vitalu. Nilizoea kuwasikia tangu mbali, wakitaniana na kuimba. Sasa walipokaribia nyumba yetu walinyamaza wote kwa pamoja, nikasikia miguu tu na maji yakicheza ndani ya madebe, na walipoipita kona mazungumzo yakaanza tena pale yalipokatikia. Watoto waliocheza karibu na dirisha langu walifukuzwa kwa fimbo. Mzee mmoja mwenye kikohozi alizunguka nyuma ya nyumba za jirani ili asikohoe mbele yangu.

Halafu kulikuwa na mayai. Bibi zetu walikatazwa mayai, na wanawake wengi wa umri wa mama hawakuyala hata baada ya kuambiwa kwamba si mwiko. Walikuja nayo wenyewe kwenye vibuyu, yamelazwa juu ya pumba, wakasema ni ya kulisha kichwa. Walisimama nikayala mbele yao, wakinitazama kwa hamu, kama watu wanaomimina maji kwenye mche.

Zamu yangu ya vitalu ilichukuliwa na mama. Hakuna mkutano uliompangia. Alikwenda tu, safari zake na zangu. Baba alikuwa porini kwenye mizinga yake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili. Alirudi shingo imekakamaa, akakaa kizingitini akila michembe ya viazi vilivyokaushwa, na aliponiona nimefungua daftari alitabasamu. Nilikuwa nimefungua ukurasa ule ule wa jana.

Mama Mtani ndiye peke yake ambaye hakunyamaza. Alikuja kila siku na kunipa shikamoo, yeye mkubwa, mimi mdogo.

"Daktari, shikamoo."

"Nenda zako, mwizi wa ng'ombe."

"Itikia kwanza. Wagonjwa tukikosa marahaba tunakufa."

Alitoa ulimi ili nimpime. Alinipa mkono nihesabu mapigo. Siku moja aliketi chini, akanyoosha miguu yake iliyopasuka visigino, akasema huyu daktari akimaliza masomo yake ataanza na miguu hii kabla haijagawanyika ikawa minne. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, na nilipoingia ndani nilikaa juu ya kitanda nikiwa na joto usoni.

Nilimwambia mama habari ya fomu siku hiyo, baada ya jirani kuondoka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwani wamekuuliza?" alisema.

"Hawakuniuliza."

"Basi usijibu. Kafanye mtihani wako. Wakijua baadaye, watajua ukiwa umeshapita."

Alikuwa na hoja. Nikisema, yeye ndiye angebaki kijijini kuonekana. Nikinyamaza, ningeendelea kula. Nilijaribu kunyamaza. Nilisoma habari za mikataba na tarehe zake, nikasikia wanawake wakipita kimya na maji, na tarehe zikatoka kichwani kama hazijawahi kuingia. Niliona wazi kwamba nikiendelea hivi nitashindwa hata hiyo historia, na kijiji kitakuwa kimenyamaza bure mara mbili.

Mkutano wa kuniaga ulifanyika wiki ya mwisho ya likizo. Mwenyekiti alinitaka nitoe neno la shukrani. Nilisimama. Nilishukuru kwa mafuta, kwa mayai, kwa kengele. Halafu nikasema kwamba sikuchagua masomo ya udaktari, na kwamba fomu imekwisha kwenda.

Mwenyekiti aliuliza kwa upole kama fomu inaweza kubadilishwa, kwa sababu yeye angeweza kuandika barua na kuipiga muhuri. Nilisema hata ikibadilishwa, kemia siiwezi. Akauliza nilichokichagua kinatoa nini. Nilisema labda mwalimu. Labda mtu wa magazeti. Mzee mmoja nyuma alisema taratibu, kana kwamba anajisemea, kwamba walimu watatumwa na serikali hata tusipowazaa sisi. Mwenyekiti alitazama karatasi yake akasema tuingie ajenda ya mbolea. Sikumtazama Mama Mtani. Mama yangu alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

Alfajiri iliyofuata nilishtuliwa na kengele. Ilikuwa imerudishwa kwenye mninga wetu, na ililia kama inapigwa juu ya kitanda changu.

Sikumlaumu aliyeirudisha. Nilichukua debe nikawafuata wanawake kisimani. Walinipisha, wakanisaidia kujitwisha, wakaniuliza usingizi wangu kwa adabu. Adabu ile ilinichoma. Nilimwagilia vitalu hadi jua lilipopanda, nikarudi nyumbani na nguo iliyolowa mabegani, na pale mlangoni nikamkuta Mama Mtani amelala chini.

Alikuwa amelala chali, amejifunika khanga mpaka kidevuni, macho amefumba. Mama alikuwa ndani hawezi kutoka. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walisimama.

"Mama Mtani, inuka," nilisema.

"Nimekufa," alijibu bila kufumbua macho. "Daktari amekataa kuja. Anasoma habari za watu waliokufa zamani, akimaliza hao ndipo atafika kwangu."

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akamwambia maiti haisemi.

"Maiti ya Kisukuma inasema. Ya Kinyamwezi ndiyo hujifanya kulala hata ikiwa hai, ukiipa debe la maji."

Hapo kicheko kilitoka kwa wote, kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu jana. Wakaanza kumjibu, wakaanza kunitania na mimi. Mmoja alisema nirudishe mayai yao. Mwingine alisema tayari nimeshayageuza historia. Kwa desturi mtani aliyekufa mlangoni kwako hainuki mpaka umtolee fidia, na Mama Mtani alitaja jogoo wa mama, yule mwekundu. Mama kutoka ndani alipiga kelele kwamba afadhali azikwe pale pale. Hata hivyo jogoo alikamatwa na kuletwa.

Nikainama kumwinua. Alinipa mkono, lakini hakujisaidia. Alijilegeza mwili mzima, akawa mzito kuliko nilivyotarajia. Uso wangu ulipofika karibu na wake alifumbua macho. Hayakuwa yanacheka.

"Mkamwana wangu alikuwa mzito hivi," alisema kwa sauti ya chini, kwangu tu. "Nilimwinua mimi kumpandisha baiskeli."

Halafu akasimama, akamnyakua jogoo kwa miguu, akawauliza wenzake kwa sauti kubwa nani ana chumvi.

Siku zilizobaki niliamka na kengele kama watu wote, nikamwagilia asubuhi na kusoma mchana. Wanawake walipita wakiimba. Nilisoma vizuri. Hilo nalo lilinitia aibu.

Nilipoondoka, nilibebwa tena na yule mtoto wa Mama Mtani. Nilikuwa nimemwomba mama anitafutie mtu mwingine, naye alinijibu kwamba baiskeli nyingine za kijiji hazifiki Sikonge. Mwana huyo alifunga sanduku langu kwa mipira, akaujaribu mfungo kwa mikono miwili, akaujaribu tena. Tukaondoka. Aliniuliza tu kama huko shuleni tunakula ugali wa mahindi au wa mtama.

Tulipokaribia kile kijito kilichokauka, nilisikia ameacha kukanyaga pedali. Nilishuka kabla baiskeli haijasimama. Aligeuka akanitazama, na nikaona kwamba ameelewa kuwa nimeelewa.

"Hapa huwa natembea," alisema.

Alitembea akiikokota baiskeli na sanduku langu likiwa pale nyuma, kwenye kiti. Mimi nilimfuata, nikitazama mipira ile aliyoikaza. Nilitaka kumwomba radhi, lakini sikujua ningetaja nini. Mbele kidogo, pale pale alipopanda mara ya kwanza, alisimama, akashika usukani ili nikae.

"Shika vizuri," alisema. "Basi halisubiri."