Shule Iliyoingia Mwethya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Tulia, huko Kitui, nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi tu. Mkuu wangu wa kwanza, Afisa wa Afya ya Umma wa tarafa, aliviangalia vile viatu kabla ya kuniangalia usoni. "Madam," akasema, "hapa tunakagua vyoo, bucha na visima. Hivyo ni vya kanisa." Kufikia jioni vilikuwa rangi ya udongo wa pale, na hata kanisani havikurudi.

Mzee yule alinifundisha kazi kwa maneno machache. Ukiingia kwa watu, alisema, salimia, kaa, uliza habari za mvua, ndipo uulize choo kiko wapi. Ukianza na choo utapelekwa kwa jirani mwenye kizuri. Kwa vijana wasioijua kazi hii, afisa wa afya ya umma hatibu mtu. Daktari humngoja mgonjwa, sisi tunamwendea mtu kabla hajaugua, ndiyo maana sijawahi kuletewa kuku wa shukrani. Watu waliniita daktari hata hivyo, maana huku kwetu kila anayetoka ofisi ya afya ni daktari. Watoto waliniita Mama Choo. Mimi nilizoea, mama mkwe wangu hakuzoea.

Kutoka Tulia nilihamishiwa Makueni, nikakagua nyama na hoteli za soko la Tawa kwa miaka mingi. Ilikuwa kazi ya magomvi ya kila Jumatatu na wenye bucha, lakini ilikuwa kazi nyepesi kwa sababu sheria ilikuwa upande wangu. Baadaye serikali za kaunti zilipokuja, nilirudishwa Kitui, safari hii kaskazini, upande wa Tseikuru, nikapewa kazi ambayo sheria haikuisaidia sana. Iliitwa mpango wa pamoja wa afya ya shule.

Nieleze kidogo. Zamani kila idara ilikwenda shuleni kivyake. Leo wanakuja wa dawa za minyoo, kesho wa maji, wiki ijayo wa lishe, na mwalimu anasimamisha masomo kila mara apige picha na wageni. Mpango huu ulitaka wote hao wakae meza moja na wazazi, na kila shule iwe na kamati yake ya afya: choo, maji ya kunawa, uji, chanjo, dawa za minyoo, na pahali pa wasichana kubadilisha sodo bila kuchekwa. Serikali na wafadhili wangeleta saruji, mabati na dawa. Wazazi wangeleta nguvu zao. Kwenye karatasi tuliita hiyo "jamii kuumiliki mradi", na tulifikiri kusema ni kutenda.

Shule ninayotaka kuizungumzia sitaitaja jina. Ilikuwa mbali na barabara kuu, na mwalimu mkuu wake aliitwa Mutua, mzaliwa wa upande wa Tawa, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, mpole, aliyependa kila jambo lifuate utaratibu. Vyoo vyake vilikuwa vimechakaa. Mchwa walikuwa wamekula magogo yaliyoshikilia sakafu, na msichana wa darasa la pili alikuwa ameshatumbukia mguu mmoja hadi pajani, wenzake wakamvuta kwa sweta.

Nilipompelekea habari hiyo Afisa wa Afya ya Umma wa kaunti ndogo, mkuu wangu wa wakati huo, hakupandisha sauti. Hakupandisha sauti kamwe, na ndivyo alivyotutisha. "Hiyo shule ifungwe," akasema.

"Bwana, ikifungwa, wadogo itabidi wavuke mto waende shule ya ng'ambo."

"Mto si uko na mchanga tu?"

"Uko na mchanga mpaka mvua inyeshe huko juu. Maji ikishuka haingojei mtoto avuke."

Alifikiri kidogo. "Mpaka mwisho wa muhula. Vyoo vipya viwe vimesimama, ama uweke notisi kwa mlango wewe mwenyewe. Mimi sitatuma mtu mwingine."

Basi hapo ndipo tulipofika: watoto ama watumbukie chooni, ama wavuke mto, na anayepaswa kuamua ni mimi.

Tuliitisha baraza kupitia kwa chifu. Tulikwenda na gari, soda na mkate, jinsi mikutano ilivyofanywa. Watu walijaa. Mchungaji aliomba kwa urefu, chifu akaonya, mimi nikaeleza safari ya nzi kutoka chooni hadi kwenye sahani mpaka mama mmoja akatema mate. Nilipouliza nani atakuja kuchimba, mikono yote iliinuka. Nilirudi Tseikuru nikiimba ndani ya gari.

Siku ya kuchimba hakuja mtu. Saruji ilikuwa stoo, mabati yalikuwa stoo, na Mwalimu Mutua alikuwa amesimama kwenye kiwanja na mtaimbo mpya kama mtu anayengoja basi. Alitangaza tena kanisani Jumapili. Walisema amina, na hawakuja.

Niliudhika sana, siwezi kuficha. Nilikwenda hadi kwa Syombua, mwenyekiti wa mwethya wa pale. Mwethya ni kikundi cha kazi ya zamu: wiki hii watu wote, wengi wao wanawake, wanalima matuta kwako, wiki ijayo kwa jirani, mpaka mzunguko uishe. Hakuna mshahara. Mwenye zamu hupika. Kilima chote cha pale kimepigwa matuta na mikono hiyo. Mimi ni Mkamba, mwethya ninaujua tangu utoto, lakini haikuwahi kunijia kwamba unahusika na kazi yangu.

Syombua alinikaribisha, akanipa maji, akasubiri nimalize kulalamika.

"Daktari," akasema, "ile soda ilikuwa tamu. Tulikunywa, tukajua hii ni kitu yenu. Mtu akikuletea soda, yeye ndiye ako na shughuli."

"Lakini mliinua mikono."

"Chifu alikuwa anaangalia." Akacheka, nami nikashindwa kununa. "Sikia. Mwethya inaendaga kwa mwenye alikuja kwetu. Hiyo shule imekuja kwa nani? Mwaka jana nyumba ya Kanini ilianguka, shule ilikuja? Tukilima kwa wajane, shule iko wapi?"

"Shule ni jengo, Mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Itakujaje?"

"Si iko na mwenyewe? Mwambie aje na jembe. Na asilete soda."

Nilimpelekea Mutua ujumbe huo nikitarajia akasirike. Hakukasirika, aliutafutia utaratibu. Jumamosi iliyofuata alimtuma mlinzi wa shule na jembe jipya. Wanawake walimpa mlinzi uji, wakamrudisha. "Tuliita mwenyewe," walimwambia. Wiki iliyofuata alimtuma mwalimu kijana wa michezo, naye akarudishwa vilevile, akiwa ameshiba.

Nilimkuta Mutua ofisini akiwa ameshika kichwa. "Madam, mimi ni mwalimu mkuu," akaniambia. "Watoto wakiniona nainama kwa laini na mama zao, Jumatatu nitawaambia nini?"

"Waambie shule iko wazi," nikamjibu. "Ukishindwa, mimi nitakuja kuifunga."

Alikwenda Jumamosi ile. Mimi nilisimama barabarani kando ya gari. Alikuja bila tai, lakini kalamu zilikuwa mfukoni. Walimweka katikati ya mstari, mahali pagumu penye changarawe, na kila alipopiga jembe lilirudi juu bila udongo. Wanawake walicheka hadi wakaketi. Kulikuwa na watoto wa shule juu ya mawe, nao walicheka. Naye, kwa mshangao wangu, akacheka pia, akauliza jinsi ya kushika mpini, akaonyeshwa. Jumamosi nyingine akaja tena, na nyingine. Viganja vyake vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikawa vigumu.

Muhula ulikuwa unaisha. Notisi ilikuwa tayari ndani ya gari langu, na nilikuwa nimelala vibaya wiki nzima. Asubuhi moja nilifika shuleni nikakuta mstari wa wanawake umeshuka kutoka kilimani, na wanaume kadhaa nyuma yao wenye sururu, wakijifanya wamepita tu. Zamu ya shule ilikuwa imefika. Mimi nilipima umbali kutoka kisimani na kina cha mashimo, wao wakachimba. Mwalimu Mutua alipika githeri na akaiunguza. Hakuna aliyeomba soda. Vyoo vilisimama kabla ya shule kufungwa kwa likizo, na notisi niliichana.

Mengine yalikuja bila baraza. Sasa Syombua alitaka kujua dawa ya minyoo inapewa watoto kabla ya kula au baada, kwa sababu ilikuwa shule "yetu". Wazazi waliweka zamu ya kuchota maji na ya kupika uji. Mama waliokuwa wakikataa chanjo walikuja kunihoji ana kwa ana, na wengi wakakubali. Mkuu wangu aliniuliza nilitumia mbinu gani ya uhamasishaji. Nilimwambia, naye akasema hawezi kuandika hivyo kwa wafadhili.

Nilistaafu mwaka mmoja kabla ya Mutua. Ofisi iliniaga kwa saa ya ukutani na hotuba nzuri, na saa inafanya kazi hadi leo. Mutua alipostaafu, alinialika kwake karibu na Tawa. Hema lilikuwa limesimamishwa, mbuzi wamechinjwa. Basi la kutoka Tseikuru likafika, wanawake wakashuka, na kila mmoja alikuwa na jembe.

"Mwenyekiti," nikamwuliza Syombua, "si mmekuja sherehe?"

"Sherehe tutakula," akasema. "Lakini huyu alilima kwetu sisi wote, na kwake hatujawahi kufika. Zamu yake ilikuwa mbali tu."

Walipanga mstari kwenye mteremko nyuma ya nyumba na kuanza kukata matuta, wageni wenye suti wakiwatazama. Mutua alivua koti ajiunge nao, wakamfukuza: mwenye zamu hupika. Alisimama mlangoni akilia waziwazi.

Mimi niliona wivu, tena wivu mkali. Maisha yangu yote ya kazi nilikusanya watu wafanye kazi, katika kaunti mbili, na shamba langu linabebwa na maji kila msimu. Hakuna zamu inayonijia, kwa sababu hakuna niliyemlimia.

Syombua aliniona nimesimama. Akaokota jembe lililobaki chini, akanielekezea mpini.

"Na wewe, daktari? Utaangalia tu?"

Nililipokea, nikaingia kwenye mstari kati ya wanawake wawili nisiowajua.