Tulimnenepesha Bondia Wetu

Juzi nilipita Bihambwe, mama mmoja akanipa kikombe cha maziwa ya mgando hata kabla sijakaa vizuri. Nikanywa mpaka mwisho, kwa sababu kwetu Masisi ukirudisha kikombe nusu umemuudhi mwenye nyumba. Hapo nikamkumbuka baba mdogo, bondia wa uzito wa juu, na roho ikaniuma.

Wewe hukumjua. Asubuhi alikimbia kupanda kilima, sisi watoto nyuma yake tukipiga kelele, na jioni alipiga gunia la mchanga karibu na zizi mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Alikuwa mwepesi wa miguu ajabu. Mwalimu wake wa ndondi alimwambia wazi kwamba mwili wake haukuwa wa uzito wa juu. Apunguze kilo, apigane na watu wa kimo chake. Yeye mwenyewe alitamani hivyo. Bibi aliposikia, alikuja juu.

"Ukikonda batasema nini? Batasema mutoto yangu analala njaa na ngombe ziko hapa!"

"Mama, ni mambo ya sport tu."

"Kunywa."

Basi akanywa. Na majirani nao hawakukubali kupitwa: huyu analeta maziwa, yule jibini, yule fufu na maharage yanayoogelea kwenye mafuta ya mawese. Angekataaje? Sisi watoto tulitamba shuleni kwa ajili ya shingo yake nene tu.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Goma. Tulishuka na lori la jibini, bibi ameketi mbele na dereva, amevaa kitenge kipya. Mpinzani alikuwa jitu la kuzaliwa. Raundi ya kwanza baba mdogo alicheza vizuri. Ya pili akaanza kuhema mdomo wazi, na ya tatu miguu ikagoma kabisa. Ngumi iliyomwangusha haikuwa hata kali, na hakuinuka. Mwalimu alimfuta uso kwa uchungu. "Ule iko muzito wa mifupa," alimwambia. "Weye uko muzito wa maziwa."

Tuliporudi nyumbani, bibi, macho mekundu, hakujua afanye nini, akamjazia kikombe. Baba mdogo akakimaliza chote, akaweka glavu chini. "Mama, njo mwisho. Sirudie tena mu ring." Alikuwa bado kijana. Naumia mpaka leo, kwa sababu tulimpenda mpaka tukamharibia.

Kisha vita vikaja. Ng'ombe wakachukuliwa, bibi akafariki, majirani wale wakatawanyika, na ukarimu wao wote nao ukaenda. Baba mdogo sasa yuko kambi ya wakimbizi Lushebere, analimia watu. Kutoka Bihambwe nilikwenda kumwona. Mashavu yamebonyea, mbavu zinahesabika, lakini alikuja kunipokea akiruka madimbwi kama hana umri. Alipoona namtazama, akajipiga tumbo akacheka.

"Ona, mutoto yangu. Kilo zile nilikuwa nataka, njo hizi."