Wimbo wa Bi Mkasi

Leso mpya, ile ambayo haijaonja maji, ina harufu yake ya rangi na wanga. Nikiisikia hata leo, narudi Chole wakati wa Mdachi, msichana wa miaka tisa, nimefungwa leso kifuani kwa kukazwa hata kupumua ni taabu, nangoja kuimba.

Kaskazi ya mwaka ule moto uliunguza nyumba kadhaa katika kisiwa jirani cha Jibondo. Kule maji ya kunywa yenyewe huletwa kwa mashua. Ya kuzimia makuti yanayowaka yangetoka wapi? Waliounguliwa wakaja kwetu Chole, wakagawanywa majumbani. Shangazi yangu Mwanaidi, aliyekuwa kiongozi wa ngoma ya wanawake ya lelemama, akasema tutacheza alasiri ya Ijumaa, na kila atakayekuja kutazama alete chochote cha kuwafaa wale wenzetu.

Tulifanya mazoezi mwezi mzima. Hatukuwa mafundi. Mpiga upatu wetu alikuwa na tabia ya kupiga mbele ya wenzake, kama mtu anayewahi kivuko. Lakini shangazi alitunga wimbo mwenyewe, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa kali, mimi ndiye niliyepewa kuuanzisha. Niliuimba nikichota maji, nikichambua mchele, mpaka mama akaniomba nimhurumie.

Ijumaa ile uwanja ulijaa. Watu walileta mchele, nazi, leso, masufuria. Waliounguliwa walikalishwa mbele kabisa, mahali pa heshima, na katikati yao Bi Mkasi, mke wa fundi wa majahazi. Yeye kule kwao hakuna mgeni aliyeteremka pwani akapita mlangoni pake bila kula. Nilimtazama yeye, nikavuta pumzi:

*Bi Mkasi wa Jibondo, moto umemvua nguo,*
*leo alala kwa watu, hana hata lake jiko.*

Wenzangu wakaitikia. Nilipourudia mara ya pili, Bi Mkasi akasimama. Nikadhani anakuja kunitunza kwa uimbaji wangu. Akajifunika vizuri, akawapita watu kwa adabu, akaenda zake. Waliounguliwa wote wakamfuata. Uwanja ukanyamaza, isipokuwa upatu, uliokuwa bado unawahi kivuko.

"Shangazi, nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Wana kiburi hao," akasema, akanigeuzia mgongo. Watazamaji wakaondoka mmoja mmoja. Nyimbo nyingine tano tulizojifunza hazikuimbwa kabisa. Nililia mpaka wanja ukanichafulia leso.

Asubuhi shangazi alinitwika kapu la mchele, akaniambia nipite mlango wa uani wa nyumba alikofikia Bi Mkasi. Nilimkuta anachambua mboga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitazamia anifukuze. Akalipokea kapu kwa mikono miwili. "Mwambie shangazi yako ahsante sana. Mungu amzidishie."

Nikashindwa kujizuia. "Bi, jana niliimba vibaya?"

Akaliweka kapu chini. "Uliimba vizuri mno. Kila neno nililisikia."

Nikarudi nyumbani kichwa kinanizunguka. Kama niliimba vizuri, aliondoka kwa nini? Kama ana kiburi, mchele kaupokeaje? Nilimuuliza mama, akaniambia nikamenye muhogo.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mama, mume wangu alifariki akaniachia watoto wanne na ghala tupu. Jirani mmoja, mtu mwema kweli, alikuja na vyakula alivyovikusanya kijiji kizima. Akasimama mlangoni mbele ya watu, akapaza sauti ili kila mtu asikie, akaeleza jinsi wanangu walivyolala na njaa. Hakusema uongo hata chembe. Chakula nilikihitaji, na nilikipokea. Lakini wakati anaendelea kunitaja jina, wanangu wamesimama pale wanamsikiliza, nilimwomba Mungu jambo moja tu: anyamaze.