Harufu ya Misnan

Misnan alikuwa ananuka. Tuseme ukweli, hakuna haja ya kumfichia. Kazi yake ilikuwa chini ya mnara wa kukeneka, yaani wa kuchemsha mafuta na kuupoza mvuke wake, kiwandani katika mji wa Pasir Gudang, mafuta ya mawese yanapogeuzwa asidi za kutengenezea sabuni na mishumaa. Humo alielea kutwa ndani ya wingu jeupe, hajui kama nje kuna jua au mvua, na mvuke ukamwingia mpaka kwenye nyusi. Salbiah, mkewe, alimfulia nguo kwenye ndoo yake peke yake. Msikitini watu walimpisha nafasi, wakisingizia joto.

Mtu mmoja tu hakulalamika, mama yake, Mak Painah. Macho yalikuwa yamefifia, kumbukumbu zimemponyoka, na sauti ya mwanamume yeyote hakuitambua tena. Lakini kila alasiri Misnan alipoinama kuubusu mkono wake, bibi kizee huyo alivuta pumzi, uso ukamchanua.

"Umerudi, Misnan."

Basi uchovu wote ulimtoka.

Sasa ule mnara ulikuwa umechakaa. Asidi ziliungua zikatoka nyekundu kama chai, na majirani walichoshwa na ule uvundo. Misnan mwenyewe ndiye aliyewaganda wakubwa: wekeni mnara mpya, ufyonzwe hewa barabara ili mafuta yachemke kwa moto mdogo, na mvuke upozwe humohumo usitoke nje. Mwisho wakakubali. Ulipowashwa, tone la kwanza lilidondoka nyuma ya kioo, jeupe kama maji ya mvua, naye akalitazama kama aliye usingizini. Wingu halikuwapo tena. Upepo ulimletea harufu ya mikoko, na Misnan akashangaa kwamba bahari ilikuwa karibu hivyo.

Furaha ile haikudumu, jamani. Siku zilivyopita harufu ilimtoka, na bibi akawa anavuta pumzi ndefu zaidi kabla ya kumtaja. Misnan aliogopa. Alitafuta shati lake la zamani, akakuta Salbiah amelifanya tambara, tena limefuliwa likatakata.

Kiwanda kilipoandaa dua ya kumshukuru Mungu kwa mnara mpya, Misnan alibeba nyumbani wali wa kunata wa manjano. Akaubusu mkono wa mama yake. Bibi akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Karibu, mgeni. Keti. Mwanangu yuko njiani."

"Mama, ni mimi."

Bibi akatabasamu kwa adabu tu. "Akija utasikia ananuka kidogo. Usimcheke, baba. Mimi naipenda harufu yake."

Akala wali matonge mawili, kisha akapapasa kawa, akaufunika uliobaki.

"Huu wa Misnan. Hurudi na njaa."

Machozi yakamshuka Misnan, na kwa bahati bibi hakuyaona.

"Mwekee, bibi," akasema. "Hatachelewa."

Akaketi mkekani kando yake, wakamngoja pamoja.