Perege wa Nyumba Kumi

Kwetu Temeke, perege hakuhesabiwa kuwa samaki. Baba yangu alikuwa mvuvi wa bahari, na mtu akimletea perege alimuuliza kwanza nyumbani kuna mgonjwa gani. Basi fikirieni hali yangu siku ile mzee mmoja wa Kiwalani, mchonga vinyago aliyetoka kando ya Ziwa Nyasa, aliponiambia kwamba hanipi binti yake mpaka nimpelekee perege wa kuvua kwa ndoana.

"Samaki wa bahari Mungu ameshamtia chumvi kabla mpishi hajaamka," alisema. "Mie nataka wa maji baridi. Na usininunulie sokoni, nitajua. Anayevua perege kwa ndoana ni mtu anayeweza kutulia. Sitaki mkwe wa makelele."

Nikamwitikia kwa adabu, huku moyoni nacheka. Mtoto wa mvuvi nishindwe na perege? Isitoshe, nilikuwa nimepanga chumba Tabata, na nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na shimo kubwa lililoachwa na wachimba kifusi. Mvua zilikuwa zimelijaza, na perege wamezaliana humo bila mtu kujua walitoka wapi. Jambo la kuniumiza kichwa lilikuwa moja tu: mzee alikuwa amejiandikisha kuhamia kijiji cha ujamaa huko kwao kusini, yeye na familia yake nzima, mara mvua zitakapokatika.

Sikujua kwamba kumvua perege Tabata ni suala la kisiasa. Balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama mtaani na fundi cherehani aliyependa kuhutubia kuliko kushona, alikuwa ameshatangaza kwamba shimo lile ni bwawa la ushirika. Kuvua peke yako kulikuwa ni ubepari. Kulikuwa na ufito mmoja, mshipi mmoja na ndoana moja, na tulishika kwa zamu kila Jumapili mchana. Ambao hawakuwa na zamu walisimama ukingoni kumshauri aliyekuwa nayo.

Uvuvi ulifunguliwa kwa kikao. Tuliimba, tukapiga makofi, katibu akatukumbusha yaliyoamuliwa Jumapili iliyopita, ndipo ndoana ikatumbukizwa majini. Perege walikuwa wamehamia upande wa pili tangu kwenye makofi.

Mimi, kwa kiburi cha kwetu, nilipendekeza ndoana kubwa ya baba yangu, ile ya kuvulia kolekole wakubwa wa baharini. Mama muuza maandazi akasema mdomo wa perege ni mdogo, tutafute ndoana ndogo. Ikapigwa kura, ikapita ndoana ya wastani, ambayo haikumfaa samaki yeyote. Kwenye chambo ikawa vita. Wengine walitaka nyungunyungu, wengine ugali, na katibu akaapa kwamba kwao huvua kwa sabuni ya kufulia. Balozi akaamua, kwa ajili ya umoja, vyote vikandwe pamoja. Tulivua povu, Jumapili baada ya Jumapili.

Mvua zikaanza kupungua. Nilipopita Kiwalani nikamkuta mzee anafunga patasi zake kwenye gunia, na usingizi ukanitoka. Jumapili iliyofuata nikasimama kikaoni nikaomba perege mmoja wa posa, mmoja tu, awe wangu, na niachiwe nimvue kwa utulivu. Balozi akaniita mnyonyaji. Nami hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia bwawa lake halijalisha hata paka. Mama wa maandazi akasema kijana ana haki, katibu akamwambia mama apeleke maandazi yake huko, mumewe akaingilia, na ilipofika alasiri kila mtu alikuwa amemnunia mwenzake.

Hakuna aliyekubali kuondoka, kwa kuwa angeondoka angeonekana ndiye mkosaji. Tukakaa ukingoni tumepeana migongo, kimya. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukanda chambo, kwa hiyo balozi, ambaye zamu ilikuwa yake, alibandika kidonge cha ugali mtupu. Akatumbukiza ndoana, kisha akageuza uso kuelekea barabarani ili asinione.

Ndipo nikawaona perege wakija. Walikuja taratibu mpaka karibu na miguu yetu, kama wageni waliosikia kwamba mbwa amefungwa. Boya letu, kipande cha ndala, likacheza, likazama. Balozi hakuona. Nikauma meno, maana kumsemesha kwanza ilikuwa ni kushindwa. Boya likaibuka, likazama tena. Nikamwona akilini yule binti juu ya lori, kati ya magodoro, anaelekea kusini.

"Ndugu Balozi," nikasema, "vuta."

Alikuwa perege wa kiganja kimoja. Kikao kikakaa papo hapo. Ikaamuliwa kwamba samaki hawezi kuwa wangu, ila hakuna kinachozuia posa kuwa ya wote. Tukaenda Kiwalani msafara mzima, mimi mbele na beseni.

"Nani kamvua?" mzee aliuliza baada ya shikamoo nyingi.

"Sie," wakajibu.

"Nani kashika ufito?"

"Mie," balozi akasema, "kwa niaba ya nyumba kumi."

"Nani kaona boya likizama?"

"Mie, mzee," nikasema.

"Mbona hukuvuta?"

"Haikuwa zamu yangu."

Mzee alinitazama mpaka nikatamani kuingia ndani ya beseni. "Haya, samaki ni wenu nyote," akasema. "Na binti yangu nimwoze nyumba kumi?"

Balozi akasimama. "Hoja ni kwamba aolewe na kijana huyu. Wanaounga mkono?"

Mikono yote ikapanda. Wangu haukupanda, nilikuwa nimeshika beseni. Halafu, kutoka nyuma ya pazia la jikoni, ukatokeza mkono mwingine, umejaa unga, umeshika mwiko. Katika makelele yote ya miezi ile, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza binti mwenyewe.

"Huyo si mjumbe wa kikao chenu," mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Aliutazama ule mkono hadi unga ukaanza kudondoka sakafuni. Haukushuka.

"Peleka hilo beseni jikoni," akaniambia.